Neno Alilolichagua Nareyu

Hasira ilimpanda Nareyu akiwa amesimama uani, nyuma ya duka la Modest mjini Karatu, karatasi mkononi. Mbele yake waliketi wanawake kumi na wanane waliotoka Piyaya kwa lori, vumbi bado limewaganda kwenye nyusi, na mama yake mzazi, Nalotuesha, alikuwa wa pili kutoka mwisho wa benchi. Kazi aliyopewa na Modest, bosi wake, ilikuwa awasomee mkataba kwa Kimaasai, kisha kila mmoja achovye dole gumba kwenye wino.

"Uwafupishie tu," Modest alikuwa amemwambia. "Wamechoka."

Afupishe nini? Mkataba ulisema kwamba nakshi ya ule mkufu mpana wa shanga, yenye meno ya bluu na rangi ya chungwa yaliyokatizwa na mstari mmoja mweupe, ilivumbuliwa na duka la Modest mwaka juzi. Mwanamke akishaweka dole gumba, haruhusiwi kuishona na kuuza kwingine, hata kule barabarani wanakosimama watalii. Na yeyote anayedai kwamba nakshi hiyo ni ya wanawake wa Piyaya, mkataba ulisema kwa Kiingereza, dai lake ni "concocted".

Sasa nisikilizeni. Nakshi ile aliibuni Nalotuesha, na Nareyu amekua akiiona shingoni mwa mama yake. Tena neno lile la mwisho, ole wake, alikuwa amelichagua Nareyu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita Modest alimjia na uso wa huruma, akasema kuna wajanja Arusha wanaiga kazi za akina mama kisha wanadai ni zao. Akaomba sentensi moja, iwe kali. Nareyu akafurahi. Nani mwingine pale dukani angeweza? Yeye alifundishwa na mwalimu Brigita wa shule ya Daa, mama aliyekuwa akipima vitenzi vya Kiingereza kama mtu anavyopima chumvi ya mboga. "Devise," angesema, "ni mtu aliyeketi akaumiza kichwa mpaka jambo likakaa sawa. Huyo mheshimu. Invent ni kuleta kisichokuwepo, lakini angalia, hata kisingizio nacho huletwa hivyo hivyo. Contrive ni kulazimisha, kama kufunga mlango mbovu kwa waya. Plot wanahitaji kuwa wengi na wanong'one. Hatch ni kuatamia njama mpaka ianguliwe. Na concoct, wanangu, hiyo ni sufuria. Unatupia hiki, unatupia kile, unakoroga, unawanywesha watu uongo."

Nareyu akachagua sufuria, kwa sababu ndiyo iliyouma zaidi. Aliisoma sentensi yake mara tatu kwa raha. Mkuki kwa nguruwe! Leo wajanja wa Arusha hawamo kabisa kwenye karatasi, na sentensi imewekwa juu ya majina ya wanawake wa Piyaya.

"Bosi," alisema, "hii umeitoa kwa watu wa Arusha ukaiweka kwa mama yangu."

"Dada, punguza jazba." Modest hakuinua hata macho kwenye simu. "Kubuni, kutunga, kuvumbua, kwani si mambo yale yale?"

"Yangekuwa yale yale, usingenibembeleza niandike kali."

Mnunuzi, Eva, mama wa Kizungu mwenye maduka kwao, alikuwa ameketi kivulini na dereva wake Benson, kijana wa Loliondo. Akauliza kuna shida gani. Nareyu akamweleza kwa Kiingereza bila kumung'unya: nakshi si ya duka, ni ya yule mama pale.

Modest akacheka. Lo, mtu huyu ana cheko la kukukera mpaka utosini. "Yule ni mama yake mzazi," akamwambia Eva. "Wamekaa huko kwao wakapanga. Ukimuuliza yeyote kati ya hawa atakwambia hivyo hivyo."

Nareyu alitamani kumrukia. Lakini kila neno ambalo angesema sasa lingeonekana limepangwa.

Wakati huo geti likafunguliwa. Aliingia Koko Nanyokie, ajuza wa Piyaya aliyeteremka kwenye lori pamoja na wenzake asubuhi lakini akapitia kwanza kung'olewa jino. Hakuwa amesikia lolote kati ya yaliyosemwa pale. Benson ndiye aliyewahi kusimama. Akamsalimu Kimaasai, akamwonyesha ule mkufu, akamuuliza ni wa nani.

Koko Nanyokie akautazama, shavu bado amelishika. "Huu? Wa Makaa."

Makaa ni rika. Kwa Wamaasai, rika jipya la morani likiingia, wasichana wa wakati huo hubuni nakshi zao wenyewe, na nakshi za rika lililotangulia hubaki na watu wake. Mama wa makamo ukimwonyesha mkufu, atakutajia rika lake kama wewe unavyosoma kalenda. Na Makaa walikuwa morani kabla Modest hajazaliwa.

"Aliubuni Nalotuesha," ajuza akaendelea. "Alimshonea morani wake, Tajewo. Sisi wengine tulinuna kwa wivu mwaka mzima."

Benchi zima likaangua kicheko, na Nalotuesha akavuta shuka kuficha mdomo. Benson akamtafsiria Eva neno kwa neno. Eva akamgeukia Modest, akamuuliza kwa utulivu: mwaka juzi?

Modest akaweka simu mfukoni. Uso ulikuwa umemvimba. "Sawa. Basi na aliyewaita waongo mumuulize pia," akasema, safari hii kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika na wote. "Ile sentensi niliandika mimi? Mimi Kiingereza hicho nakijulia wapi? Muulizeni Nareyu."

Kicheko kikakatika. Wanawake waliojua Kiswahili wakawanong'oneza wasiojua.

"Ni wewe?" Nalotuesha akauliza.

"Yeyo, mama yangu, alinidanganya. Aliniambia ni watu wa Arusha."

"Nimeuliza kama ni wewe."

"Ni mimi."

Nalotuesha hakumkemea. Laiti angemkemea! Eva akasema mkataba uandikwe upya palepale, la sivyo yeye hanunui, na Modest akaingia ndani akibamiza mlango. Nareyu akaketi chini kwenye saruji, akaandika huku machozi ya ghadhabu yakimdondoka. Aliandika "devised", akaandika jina la mama yake, akaandika Piyaya, akaandika kwamba kila mwanamke yu huru kushona na kuuza apendapo. Kila neno alilipima mara mbili. Alipomaliza, alimsogelea mama yake na kidau cha wino, akapiga magoti, akaanza kumsomea kwa Kimaasai.

Nalotuesha aliinua kiganja kumsimamisha. Akaichukua karatasi mkononi mwa binti yake, taratibu tu, akampa Benson.

"Nisomee wewe," akasema.