Migongo Saba Ukutani

Ukuta wa sebule yetu ulikuwa unakwangua jibini. Mwaka ule kikwangulio kilipopotea, nilisugua kipande kikavu kuanzia mlangoni hadi dirishani, nikapata cha kutosha supu ya watu wanne. Nzi wakitua pale waliondoka wakichechemea.

Aliyeupaka ni Wubbo, kaka wa mke wangu, fundi lipu aliyejulikana mji wetu wote wa Veendam. Ilikuwa mwaka 1977, wakati kila nyumba mtaani ilitaka kuta zenye chembe kali. Wenzake walitosheka na mchanga. Wubbo akatia na maganda ya kome yaliyopondwa ili ukuta umeremete, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuusema vibaya.

Februari mke wangu, Aukje, aliteleza, akaegemea ukuta ule. Dawa anazotumia zimeifanya ngozi yake nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukamchana kutoka kiwiko hadi kiganja. Akashonwa nyuzi ishirini na sita. Hospitali wakampeleka nyumba ya kuuguzia wazee, na muuguzi wa mtaa akaniambia waziwazi, "Mzee Roelof, Jumanne nakuja kukagua. Ukuta ukiwa hivi, mama harudi hapa. Atabaki hukohuko."

Basi nikaukwangua siku tatu kwa kisu kipana, hasira ikiniongezea nguvu. Nilisambaza mikate kwa gari miaka arobaini, lipu hakuna aliyenifundisha. Lakini kupaka lipu ni kama kupaka siagi, ila mkate haukuangalii kwa dharau. Jumapili asubuhi nikamaliza kupaka mkono wa pili wa lipu. Ukuta laini, mbichi, unang'aa kama yai.

Nilisahau kwamba siku ile natimiza miaka sabini na sita. Kwetu hualiki mtu. Kila nyumba ina kalenda ya siku za kuzaliwa, imetundikwa chooni. Mtu akikaa pale asubuhi akaona jina lako, mchana yuko mlangoni kwako. Saa nane wakaingia saba: Wubbo, mkewe Trijntje, jirani Derk na wengine wanne.

"Hongera, shemeji," Wubbo akasema.

"Ukuta mbichi," nikawaambia wote. "Msiuguse."

Nikaenda jikoni kuchemsha kahawa. Sasa, sherehe ya kuzaliwa nchini kwetu hukaliwa duara, viti vimebanwa ukutani, na hakuna aliyezaliwa hapa ajuaye kukaa vingine. Niliporudi na sinia lenye keki na birika la kahawa, wameshakaa wote saba, vikombe vitupu magotini, migongo imetulia kwenye lipu yangu.

Trijntje akainuka kuchukua keki. Ukasikika mlio kama wa buti likitoka matopeni. Ukutani ukabaki mgongo wake mzima, hadi vifungo vya sidiria.

"Niliwaambia nini?"

"Tusiuguse," Derk akajibu. "Hatukuugusa, Roelof. Tumekaa tu."

Wubbo akacheka. "Shemeji, ukuta wangu karibu miaka hamsini hajanata mtu. Huu wako ni uji."

"Wako ulikuwa msumeno."

"Watu walitoka hadi mji wa Stadskanaal kuja kuutazama. Mtu akianguka ovyoovyo, fundi afanyeje?"

Nikaweka sinia chini. Nikafunga mlango wa nje, nikautumbukiza ufunguo kwenye birika la kahawa ya moto.

"Dada yako ana nyuzi ishirini na sita," nikasema. "Hujaenda kumwona hata siku moja, kwa sababu unakijua kilichomchana. Jumanne muuguzi akiikuta migongo hii, Aukje hatoki kule maisha yake yote. Utakwenda kumweleza wewe. Mimi siendi."

Wubbo akakiweka kikombe chake sakafuni.

"Ngapi?"

"Ishirini na sita. Umesikia."

Akavua koti, nusu ya ukuta ikiwa imeganda mgongoni mwake. "Nipe mwiko," akasema. "Sio huo. Huo ni wa keki."

Wengine wakashika ndoo na taa. Alichokifanya yule mzee kwa kupitisha mkono mara mbili, mimi kilinichukua siku nzima, na kwa hilo nilizidi kumchukia.

"Toka kwenye mwanga wangu, muuza mikate," akaniambia. Nikatoka.

Jumanne muuguzi alikunja mkono wa shati, akaupitisha mkono wake mtupu ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaikagua ngozi yake.

"Mama aje kesho," akasema.

Aukje aliingia Jumatano, polepole, kiganja kizima kimeshika ukuta. Katikati akasimama, akarudisha vidole nyuma kidogo.

"Hii si kazi yako. Wubbo alikuja."

"Alikuja kula keki yangu."

"Alikupa ujumbe wa kuniomba radhi?"

"Hakusema neno."

"Basi asikanyage humu mpaka aniombe," akasema, na akaendelea kutembea, kiganja ukutani, hadi kwenye kiti chake.