Mitungi ya Kelele

Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Methali yenyewe haisemi hivyo, lakini katika shule moja ya msingi huko Bweri, Musoma, mwaka wa themanini na tatu, mambo ndivyo yalivyokuwa. Mwalimu Makongoro, mwalimu mkuu, alikuwa ameiandika ile nyingine, ya asiyesikia, kwa chokaa juu ya mlango wa ofisi. Chini ya maandishi hayo ndipo alipokuwa akimchapa Wegesa, mtoto aliyesikia kila kitu.

Kila asubuhi kiranja aligonga ringi ya lori iliyoning'inia mtini. Ringi ilipolia, Wegesa alijiziba masikio akachuchumaa. Wenzake walikimbia mstarini. Yeye alifika wa mwisho, akachapwa, kisha sare iliyokazwa kwa wanga wa muhogo ikamwasha shingoni mpaka saa za kwenda nyumbani. Akiulizwa, "Jina lako nani?" alijibu, "Jina lako nani?" kwa sauti ileile ya mwulizaji, na darasa zima likacheka. Akiambiwa amtazame mwalimu machoni, alitazama kifungo cha shati. Siku moja Mwalimu Euphrasia, wa darasa lake, alimwambia akae kwenye kizingiti cha ofisi mpaka amwite, kisha akasahau. Mama yake alimkuta hapo jua limezama, amekaa vilevile, mbuzi wa mlinzi amelala miguuni pake.

Neno usonji lilikuwa halijafika Musoma. Mwaka ule hata sabuni ilikuwa haifiki.

Badala ya neno kulikuwa na shaka. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Majirani walinusa majiko ya wenzao wajue nani anakaangia mafuta. Mtu akipata kanga mpya aliivalia ndani, ya zamani ikakaa juu. Mtoto asiyekutazama machoni, katika mwaka kama huo, alikuwa ama anaficha kitu ama ametumwa.

Nyamburi, mama yake, alikuwa mfinyanzi. Kila jioni alimwita mtoto uani, akamwekea mtungi. Wegesa aliinamisha kichwa, sikio la kulia juu ya mdomo wa mtungi, na kelele za siku nzima zikamtoka kama mchanga unavyotoka kwenye kiatu: mlio wa ringi kwanza, maana ndio mzito, kisha kicheko, kisha fimbo. Akageuza sikio la kushoto. Alipomaliza alikula ugali na samaki wa furu, kila kimoja kwenye bakuli lake, akalala. Nyamburi hakusikiliza. Kwake zilikuwa kama maji aliyoogea mtoto. Mtu hayachunguzi, anayamwaga. Ila hizi hakujua pa kuzimwaga, kwa hiyo mtungi ulipojaa aliuziba kwa jani la mgomba na udongo mbichi, akausukuma uvunguni.

Mwezi wa saba ringi ilianza kufifia. Kiranja aliigonga kwa nguvu, ikatoa mlio wa kijiko kwenye sahani ya plastiki. Mwezi wa nane haikulia kabisa. Mwalimu Makongoro aliikagua, akabadilisha nondo ya kugongea, akabadilisha kiranja, kisha akaenda kuripoti wizi.

"Wameiba ringi?" mgambo Chacha alimwuliza.

"Ringi ipo. Wameiba mlio."

Chacha hakuona ajabu. Wiki iliyotangulia alikuwa amekamata jeneza lililojaa sukari.

Aliyemwelekeza nyumba ya kupekua ni Dafroza, mjumbe wa nyumba kumi. "Mama Wegesa anachomaga mitungi kila wiki," alisema, "na hauzi. Sufuria hazipo mpaka Bunda, watu wanalilia vyungu, yeye anaziba na kuweka ndani. Mimi simsemi mtu, afande. Naisema mitungi."

Mitungi ilitolewa uvunguni, ikapangwa kwenye uwanja wa shule Jumamosi asubuhi. Kamati ya shule ilikaa kwenye benchi. Watu walikuja na madebe na vibuyu, kwa sababu mafuta yakikutwa yangeuzwa palepale kwa bei ya serikali. Mwalimu Makongoro alisema mapema, wote wasikie, kwamba Wegesa hataingia darasani tena mpaka jambo hili liishe. Nyamburi alisimama pembeni amemshika mtoto bega. Shida yake ilikuwa hiyo moja tu: mtoto aingie darasani.

Chacha alibomoa udongo wa mtungi wa kwanza. Asubuhi zote za mwezi wa pili zikalia kwa pamoja. Mlio ulivuka uwanja, ukaenda moja kwa moja mtini, ukaingia kwenye ringi yake. Watoto waliokuwapo wakakimbia mstarini, ingawa ilikuwa Jumamosi. Mwalimu Makongoro akatikisa kichwa kuridhia. Mama mmoja aliyekuwa mbele alichungulia ndani ya mtungi, akaona hakuna mafuta, akarudisha debe lake kichwani.

Kisha kikatoka kicheko cha darasa, na juu yake sauti ya mvulana: "Zezeta! Kuku wa mvua! Mfinyeni tuone kama analia!" Ikafuata sauti ya mtu akilia.

"Huyo Ryoba wangu," alisema Chacha. "Ana sauti mtoto huyu. Hata padri anamtaka kwaya."

Mtungi wa pili ulikuwa wa fimbo tupu. Watu waliusikiliza mpaka ukaisha, mzee mmoja akasema mikono ya walimu wa siku hizi ni mizito kuliko ya zamani. Wa tatu ulikuwa wa maneno yaliyosemwa ofisini, upande wa pili wa ukuta ambao Wegesa alikuwa akikalishwa kando yake.

"Mwalimu mkuu, huyu mtoto anasoma." Ilikuwa sauti ya Mwalimu Euphrasia. "Nimempa kitabu cha darasa la sita. Amekimaliza, hakukosea hata neno."

"Alikutazama?" Sauti hiyo ilikuwa nzito, ya pua iliyoziba.

"Hapana."

"Akiitwa anaitika?"

"Hapana."

"Basi hasomi. Mwache palepale kizingitini. Na andika kwamba ni mzito wa akili, tusije tukaulizwa kwa nini hatukumfundisha."

Mwalimu Euphrasia alitazama viatu vyake.

"Siku ile nilikuwa na mafua," alisema Mwalimu Makongoro. "Lakini ni mimi."

Nyamburi alisogea mbele. "Nilikuwaga nakuja hapa, mwalimu. Nakuja na mguu wangu. Unaniambia mtoto wako hasikii, mpeleke akaombewe. Nikampeleka mpaka Butiama kwa baba yangu, akaombewa asikie!"

"Mama Wegesa, usitoke nje ya mada," alisema Dafroza. "Mada ni mitungi."

Chacha aliibomoa iliyobaki. Mlio wa ringi ulikuwa na mwenyewe, kwa hiyo kila ulipotoka ulirudi mtini. Kicheko na fimbo havikudaiwa na mtu. Vilizunguka uwanjani kwa muda kama mbwa wasio na kwao, kisha vikamrudia Wegesa. Alijiziba masikio, lakini vilikuwa vinaijua njia. Alichuchumaa chini, na Ryoba akacheka, na kicheko hicho kipya nacho kikaingia.

Kamati haikuchukua muda mrefu. Ilikubali kwamba kelele za shule ni mali ya umma na kwamba zilikutwa zimefichwa katika nyumba ya mtu binafsi. Mitungi ingebaki shuleni kwa ajili ya maji ya kunywa. Kuhusu mtoto, Mwalimu Makongoro alisema yeye si mtu wa visasi. Mama aombe radhi hapohapo, mbele ya watu, na Jumatatu Wegesa ataingia darasani, akae na wenzake. Asipoomba, atafutwa shule.

Hakuna aliyesema neno juu ya fimbo. Kiranja alitumwa akaijaribu ringi, ikalia vizuri mno, mpaka ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya barabara wakainua vichwa.

Mwalimu Euphrasia alimsogelea Nyamburi, akamwinamia sikioni. "Mama, ni neno moja tu. Sema, yaishe. Kile kitabu bado ninacho. Nitampa."

Nyamburi alijua kwamba kitabu kipo. Alijua pia kwamba hakuna shule nyingine ambayo mtoto angeweza kwenda kwa miguu na kurudi. Alimwinua Wegesa, akamfunika masikio kwa viganja vyake vyenye udongo. Kisha akamtazama mwalimu mkuu kwenye kifungo cha shati.

"Siombi radhi," alisema. "Mitungi ilikuwa yangu, kelele zilikuwa zenu. Siombi leo, na Jumatatu msinisubiri."