Maneno Waliyoyafuta

Siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu 2024, walimufuta Masika. Bibi yangu wa ndoa alikuwa amezikwa tangu Noeli; siku ile walifuta kile kilichobakia kwake.

Niliingia katika chumba cha ushirika wetu wa wauza maharagi, hapa Katoyi, nikakuta kompyuta yangu inawaka rangi ya bluu nisiyoijua. Kifaransa kitupu.

"Programu hii ni nzuri kuliko ya zamani, muzee," akasema Donat, presida wetu. "Zote si ni za bure? Comité imechagua moja, kila mutu aingie humo."

Za bure, ndiyo. Masika ndiye aliyetufundisha: programu hizi haziuzwi, watu huzitengeneza na kuziacha wazi, kila mutu achague sura anayoipenda, aipange kama nyumba yake. Mama Sylvie, mwenzetu wa ushirika, alichukua ile ya picha kubwa kubwa. Mimi niliyeacha masomo mbele ya kujua Kifaransa, zote zilinishinda. Masika akanichagulia moja nyepesi, akaanza kuigeuza katika Kiswahili chetu, neno kwa neno. Hata ugonjwa ulipomulaza, kompyuta yangu, niliyomupelekea nyumbani, ilikuwa juu ya blanketi lake.

"Papa Benny," akaniuliza, "enregistrer tutasema je?"

"Sema chunga, kama kuchunga kitu kisipotee."

"Na supprimer?"

"Tupa. Lakini kwanza iulize: kweli unataka kutupa?"

Akacheka mpaka kikohozi kikamukata. "Wewe ungekuwa chef wa mji, hakuna kitu kingepotea Goma hii!"

Alitaka kumaliza, kisha awatumie watengenezaji, ili mama wa Keshero ao wa Butembo asiyejua Kifaransa achague naye. Hakumaliza. Kazi yote ilikuwa mule ndani ya kompyuta, haikuwa mahali pengine.

Nilipowaeleza, fundi aliyefuta ya zamani na kuweka ile ya bluu aliangalia viatu vyake. Donat akasema comité haikujua. Wakubwa wetu hawajui kamwe; wanajua tu kuamua.

Kwenye mukutano wa wote nikasimama. Wakanivuta koti nikae. Nikauliza.

"Papa Benny," Donat akasema kwa sauti ya kanisani, "tumuombee mama Masika apumzike."

Wakainamisha vichwa, wakasali, wakaenda kwao. Pasaka imepita, mvua imerudi, na swali langu lingali pale pale: ile asubuhi, mbele ya kufinya kitufe cha kufuta, kuko hata mumoja wenu aliyesoma neno lake moja?