Kiti cha Mtu wa Mac

Siku ya slava, siku ya mtakatifu wa nyumba yao, Desanka aliamka alfajiri, akachemsha ngano, akapamba mkate, akawasha mshumaa mrefu. Kisha akafanya jambo la kijinga: alikivuta kiti cha dirishani na kukifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Kiti kile kilikuwa cha Ljubinko. Kwa miaka ishirini na miwili alikikalia kila tarehe kumi na sita Novemba, akala kabichi zilizoviringishwa nyama mpaka akalegeza mkanda, na kubishana na yeyote aliyemkaribia. Mwaka huu Desanka hakujua kama atakuja, na kumwuliza haikuwezekana. Slava haina mwaliko. Aliyewahi kuja hurudi mwenyewe mwaka unaofuata. Ukimpigia simu kumkumbusha, ni kama umemwambia kwamba kwako yeye si wa nyumbani.

Na yote hayo Desanka alijiletea mwenyewe kwa ulimi wake, maana ulimi hauna mfupa.

Walikuwa wakifanya kazi chumba kimoja katika ofisi ndogo ya kupanga kurasa za vitabu na kalenda kabla ya kuchapwa, katika mji wa Zrenjanin, meza zao zikitazamana. Desanka alikuwa mtu wa kompyuta za Windows, Ljubinko mtu wa kompyuta ya Mac, aliyoinunua mwenyewe na kuja nayo kazini. Kila siku saa nne asubuhi Desanka alibandika kahawa juu ya jiko la umeme, na ubishi ukaanza. Ljubinko alisema rangi anayoiona kwenye kioo chake ndiyo itakayotoka kwenye karatasi. Desanka alisema yake anaifungua kwa bisibisi, anaongeza kifaa, anafunga, na kila faili la padri au mwalimu mkuu linafunguka bila maombi.

"Mashine yako bibi harusi," alimwambia. "Haiguswi."

"Na yako shemeji wa mtaa mzima," Ljubinko alijibu. "Kila mtu anaishika."

Walikubaliana kwamba aliyeshindwa jana ataosha vikombe leo. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiri kushindwa, vilioshwa na yule aliyevionea huruma kwanza.

Basi Machi mwaka huu, Gvozden, mwenye ofisi, akaamua mashine zote ziwe za namna moja. Aliwaita wafanyakazi wote, akawaambia wale wawili kila mmoja atetee yake. Ljubinko alitangulia. Hakusema mengi. Alitandika mezani kurasa mbili za kitabu kilekile, mmoja umepangwa kwake, mwingine kwa Desanka, akawaomba watazame tu herufi zilivyokaa. Watu waliinama, wakatazama. Gvozden alivua miwani na kuusogeza ukurasa ule wa Mac karibu na macho.

Desanka aliona anashindwa. Hoja alikuwa nazo, tena nzuri: wateja, mafaili, mafundi waliojaa mjini. Angezisema hizo. Lakini mtu akitapatapa hushika kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni kile alichojua kitauma.

"Ljubinko hatetei mashine," alisema. "Anatetea uzee wake."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Ljubinko naye alicheka, akiwa amechelewa kidogo, kisha akakusanya kurasa zake. Gvozden akaamua Windows. Ijumaa ile Ljubinko aliomba kustaafu mapema, akaifunga Mac yake kwa blanketi kama mtoto mchanga wakati wa baridi, na kabla ya kutoka akaosha vikombe vyote viwili.

Tangu hapo mambo ofisini yalikwenda sawa. Mafaili yalifunguka, mashine zilipatana, na saa nne ilipofika Desanka alikunywa kahawa akitazama meza tupu. Alikuwa na hoja mpya kila siku na hakuwa na wa kumpiga nayo. Tuseme wazi tu, maana yeye ilimchukua miezi minane kulisema: alimpenda yule mwanamume. Alikuwa mjane kwa miaka kumi na mitatu, na mingi ya miaka hiyo alimpenda, akadhani ni ubishi.

Wageni walianza kufika saa sita. Kila mmoja alichota kijiko cha ngano mlangoni, akaketi. Desanka hakuketi, kwa sababu mwenye slava husimama na kuhudumia mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Kengele ikilia, moyo wake ulitangulia mlangoni. Alikuja wifi yake Živka. Wakaja majirani. Akaja Gvozden, akaelekea moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani.

"Hapo hapana," Desanka alisema.

"Kuna mtu?"

"Kuna mtu."

Ilipofika saa tisa mshumaa ulikuwa umepita nusu na kiti bado kitupu. Desanka alichukua bakuli dogo, akalijaza ngano, akavaa koti juu ya aproni.

"Desa, waenda wapi?" Živka alimshika mkono. "Mwenye slava haachi wageni."

"Wahudumie wewe, wifi. Leo nina kazi."

Alivuka daraja katika ukungu, amelifunika bakuli kwa kiganja. Ljubinko alifungua mlango kabla Desanka hajabisha mara ya pili. Alikuwa amevaa suti nyeusi, tai, viatu vinang'aa. Nyuma yake, juu ya kabati la viatu, palikuwa na mfuko wa zawadi wenye pakiti ya kahawa na chupa ya divai.

"Umevaa," Desanka alisema.

"Tangu saa tatu."

"Mbona hukuja?"

"Nimefika darajani mara mbili." Alishusha macho. "Sikujua kama mzee bado anaruhusiwa."

Desanka alimnyooshea bakuli. "Niliyoyasema Machi yalikuwa uongo, Ljubo. Niliogopa. Ulikuwa unashinda."

"Nilikuwa nashinda?" aliuliza, kama mtu anayepewa habari za jamaa aliye mbali.

"Ulishinda. Siku ile ya kurasa mbili. Wako ulikuwa mzuri kuliko wangu."

Ljubinko alifanya ishara ya msalaba, akala kijiko kimoja cha ngano, akatafuna polepole. Kisha akauliza kama mashine ya Desanka haijambo.

"Haijambo. Inafanya kazi vizuri sana," Desanka alisema. "Haina mtu wa kuisema."

Ljubinko akavaa koti. Akauliza ni nani anayesimamia wageni kule nyumbani, akajibiwa ni Živka.

"Basi umeharibu slava yako."

"Nimeiharibu. Kiti chako nimekilinda."

Ljubinko alisimama pale mlangoni akihangaika na kifungo cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa, kisha akauchukua ule mfuko wa zawadi.