Taa ya Ukweni

Musembi alisimama kando ya nguzo ya taa, bisibisi mkononi, akashindwa kutamka neno moja dogo: zima. Angekuwa kwa mtu mwingine yeyote hapo Kathonzweni angelitoa bila kufikiri. Lakini swichi kuu ilikuwa chumbani mwa mama mkwe wake, na nyumbani hakuwepo mtu ila mama huyo, Mbinya, mwenyewe. Sasa mtu aliyelelewa akaleleka anamwamuruje mama mkwe? Wakamba wana nthoni, ile haya inayowatenga mwanamume na mama wa mkewe: hawatazamani usoni, hawaketi pamoja, na maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu.

Siku zote mtu huyo wa tatu alikuwa Mutanu, mkewe. Safari hii alikuwa amekataa katakata.

"Nenda mwenyewe," alimwambia asubuhi huko Kambu, akipanga nyanya zake kando ya barabara kuu. "Mama amevunjika mkono, na taa yako bado inapepesa. Mimi nimechoka kuwa mdomo wenu."

"Si mlisema aliangushwa na mbuzi?"

"Mama ndiye aliyesema," Mutanu alijibu, akageukia nyanya zake.

Taa yako. Maneno hayo yalimchoma njia nzima, kwa kuwa kweli ilikuwa yake. Alipopeleka mbuzi wa ntheo, wale wanaohalalisha ndoa kwa desturi, aliwaongezea wakwe taa ya uani, ya tyubu, imulike njia ya kutoka jikoni kwenda chooni. Wazee walipiga makofi. Akina mama walisema Mbinya amepata mkwe mwenye akili. Hakuna aliyejua kwamba kilichokuwa kipya mle ni tyubu peke yake. Choki na stata, vile vifaa vya ndani vinavyoiwasha tyubu na kuituliza, Musembi alikuwa amevifungua kwenye hoteli moja iliyokuwa ikibomolewa. Badala ya kusema, alimeza sifa zote, na nyama juu yake. Tangu hapo, kila Mutanu aliporudi kutoka kwao alileta habari ileile, kwamba taa inapepesa kidogo, naye alijibu lilelile, kwamba stima ya huko haina nguvu. Ni kweli, stima ya huko hulegea jioni. Lakini fundi anayelijua hilo na bado anafunga choki chakavu, huyo tumwiteje?

"Mama," aliita hatimaye, akiutazama ukuta. "Naomba stima izimwe."

Ndara zikaburuzika sakafuni, na swichi ikalia.

"Imezimwa," sauti ilisema dirishani. "Nimeishikilia. Hakuna atakayeiwasha."

Masikio ya Musembi yakawaka moto. Uhai wake ulikuwa chini ya kiganja cha mama huyo, kiganja kimoja tu kizima, na Musembi wala hakuwa na wasiwasi. Alipima nyaya kwa testa kwa mazoea tu.

Alifungua kifuniko. Choki ilikuwa imeota kutu na kuvuja lami nyeusi. Stata ilikuwa imeungua. Alivitoa vyote viwili akavitia mfukoni haraka, kama mtoto anayeficha sukari. Mahali pavyo akafunga balasti ya elektroniki, nyepesi, isiyohitaji stata na isiyosumbuliwa sana na stima ikilegea. Akazipeleka nyaya upya kwenye ncha mbili za tyubu, akakaza waya wa ardhi, akabadilisha mpira wa kifuniko ili mvua isipenye. Kila kitu safari hii kilitoka dukani. Hapakuwa na mtu wa kumsifu, naye alishukuru.

"Mama, iwashwe."

Taa ikawaka papo hapo, tuli, na giza la magharibi likarudi nyuma. Furaha yake haikudumu. Kamba ya mkonge aliyokuwa ameiona mchana akadhani ni ya kuanikia nguo, sasa aliiona vizuri. Ilifungwa kwenye mlango wa jikoni, ikapita usawa wa kiuno, ikaishia mlango wa choo. Ilikuwa imelainika kwa kushikwashikwa na viganja. Karibu na nguzo ya taa ilikuwa imekatika, ikaungwa kwa fundo jipya.

"Mama, hii kamba ilikatika lini?"

Mbinya alikuwa ametoka, amesimama kwenye mlango wa nyumba akimpa mgongo, mkono wenye plasta umeninginia katika leso.

"Ni mbuzi," alisema.

Musembi alitamani ardhi ipasuke. Kumbe taa haikuwa ikipepesa tu; ilikuwa imekufa siku nyingi. Mama huyu alikuwa akipapasa giza kwa kamba hiyo, ikakatika, akaanguka, kisha akamtwika mbuzi lawama ili mkwe wake asichekwe na watu.

"Si mbuzi, mama. Ni mimi."

Musembi alikwenda jikoni, akaanza kulifungua fundo la mlangoni.

"Iache, Baba Kaveke," Mbinya alisema, akimwita kwa jina la mjukuu wake.

"Taa ni nzuri sasa, mama. Haitapepesa tena."

"Naiona. Ni nzuri." Akaigusa plasta yake. "Iache tu kwanza."

Sautini mwake hamkuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Musembi aliondoa vidole. Alirudi hadi pale karibu na nguzo, akalifungua lile fundo la kiungo, akalifunga upya, akalikaza kwa meno. Kisha akaishika kamba kwa mikono miwili, akajitupa juu yake kwa uzito wake wote, aone kama itamhimili mtu.