Waliniambia Naweza Kukataa

Mimi ni muuza nyama, mwaka wa ishirini na mbili huu. Mtaani wananiita Chuma. Maini nimeyashika mara nyingi kuliko nilivyoshika mikono ya watu, na najua kuyatoa bila kupasua mfuko wa nyongo, maana ukiupasua tu, nyama inakuwa chungu na mteja harudi tena. Kwa hiyo siku tulipoambiwa kwamba ini la mdogo wangu, Mwalimu, limejaa makovu ya homa ya ini ya miaka mingi, na kwamba tiba iliyobaki ni kuwekewa kipande cha ini la ndugu mwenye afya, nilisimama sebuleni kwa mama nikapiga kifua.

"Akatwe nani kama si mimi? Mwenye duka la maini ni nani hapa?"

Watu wakacheka, mama akalia. Akanimiminia chai kikombe cha kwanza, kama anavyofanya tangu baba afariki, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Hapo ningekunywa nikanyamaza. Wapi! Nikaenda kutangaza buchani. Mteja akisema nimpimie maini, namjibu, "Chukua haya, yangu yana mwenyewe." Kabla wiki haijaisha mtaa mzima unajua. Hata fundi viatu wa jirani, ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa ajili ya maji yangu machafu yanayopita mlangoni kwake, alikuja kunipa mkono. Nikavimba, jamani. Nilivimba mpaka aproni ikanibana.

Vipimo nilifaulu vyote. Damu, moyo, mapafu, picha za ini, hata mama mmoja mshauri alinikalisha saa nzima akiniuliza kama kuna mtu ananilazimisha. Nikamcheka. Mimi nilazimishwe?

Halafu nikaitwa na daktari wa upasuaji. Huyu alikuwa wangu mimi peke yangu, Mwalimu alikuwa na wake. Walisema anayetoa lazima awe na mtu wa kumtetea yeye tu. Alikuwa mwanamke mfupi, kalamu nyuma ya sikio. Akachora ini kwenye karatasi, akapitisha mstari katikati. Akanieleza kwamba wanachukua upande wa kulia, zaidi ya nusu, na mfuko wa nyongo unaondoka nao kwa kuwa umekaa hapo hapo. Akasema ini huota tena, baada ya miezi michache linakaribia ukubwa wake wa zamani, langu na lile la Mwalimu pia. Nikatikisa kichwa kama mtaalamu mwenzake. Ndipo akaendelea. Damu inaweza kuvuja, nyongo inaweza kuvuja tumboni, kidonda kinaweza kuingia wadudu. Miezi kadhaa hutabeba kitu kizito. Na katika mamia ya watu wanaotoa, yupo mmoja ambaye hufa. "Sikufichi," akasema.

Mtu mwingine akionyeshwa mchoro anaona mchoro. Mimi niliona meza yangu. Nilisikia kabisa kisu kinavyopita, kile kisauti cha unyevunyevu ninachokisikia kila asubuhi nikipiga mluzi. Na kwenye meza yangu hakijawahi kuamka kitu.

Daktari akaweka kalamu chini, akaenda kufunga mlango. "Hili namwambia kila anayetoa. Unaweza kukataa. Leo, kesho, hata ukiwa umeshalazwa kitandani unasubiri kuingizwa. Ukikataa, familia tutaiambia neno moja tu, kwamba hufai kutoa. Sababu hatuisemi. Ni siri yako."

Ningesema nikafikirie. Ningesema nipe siku mbili. Nilisema, "Basi waambieni sifai." Haraka hivyo, kama mtu aliyeulizwa anataka sukari ngapi. Akaniuliza mara tatu ili awe na hakika. Akaniambia si dhambi, wapo wengi, na ini ni langu. Maneno mazuri, lakini sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa nimeshasimama.

Maji nikayavulia nguo, nikarudi kuzivaa.

Nyumbani mama alinikumbatia. "Pole, mwanangu. Najua ulivyotaka." Nikainamisha kichwa, wakadhani ni huzuni. Mwalimu alikuwa kwenye kochi, macho ya manjano, tumbo limejaa maji, anajikuna mikono mpaka inatoka damu. Akanishika kidole. "Kaka, usijilaumu. Hukukataa wewe. Umekataliwa." Loo! Kilemba cha ukoka hicho, na mimi nikakivaa, nikakaza na fundo. Mama akanimiminia kikombe cha kwanza.

Dada yetu, kitindamimba, alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango. Yeye ni msusi, ana binti wa miaka mitano, na ukimpiga na upepo wa mlango anaanguka. Akasema, "Basi nipimwe mimi."

Na mimi nikanyamaza. Msipite hapo haraka, kwa sababu hapo ndipo penyewe. Kuogopa nilikwishaogopa, na Mungu anajua mwoga si mimi wa kwanza. Lakini nilimwangalia mdogo wangu wa kike akinyanyuka kwenda kwenye kisu nilichokikimbia, nikanywa chai.

Vipimo vyake vilichukua wiki tatu. Katika wiki hizo Mwalimu alilazwa mara mbili, na mara ya pili akili ilichanganyika, akawa hajui ni siku gani, mtu ambaye ratiba ya darasa lake ameibandika mpaka chooni. Mimi buchani nikaacha kuuza maini. Wateja wakiuliza nawaambia hayajaja. Wakaniambia, "Pole Chuma, tunaelewa." Wanaelewa nini hawa? Nikawa mkali, nikawa nagombana na mizani.

Siku mbili kabla ya upasuaji, dada akaja dukani saa nne asubuhi. Hakutaka nyama. Alikaa kwenye benchi, mikono inanukia mafuta ya nywele, akaangalia ndoano.

"Kaka, naogopa."

Nilichukua kisu nikaanza kukifuta, na kilikuwa kisafi. Nilijua moyoni: nikimwonyesha ule mlango wa kukataa anaweza kuupita, na Mwalimu akafa. Na nikimwonyesha, atajua nimeujuaje. Nisipomwonyesha, atakatwa badala yangu akidhani hana pa kutokea. Nilifuta kisu pande zote mbili, nikafuta na mpini.

"Mdogo wangu, unajua unaweza kukataa? Wale wana namna yao. Watasema tu hufai. Hakuna atakayejua."

Akanitazama muda mrefu, hata mteja akaja akaondoka.

"Najua, kaka. Daktari anamwambia kila mtu."

"Na ulipoambiwa..."

"Ndiyo. Pale pale nikajua. Nilitoka nikaenda chooni nikakutukana, tusi ambalo mama akilisikia atazimia. Nikanawa uso, nikarudi, nikaweka sahihi."

Nilitamani sakafu ipasuke. Yaani wiki tatu alikuwa ananisalimia, ananiita kaka, anamsikia mama akinisifu, na anajua! "Mbona hukusema?"

"Siri yako, mimi niitoe ya nini? Na sikuja kukuaibisha." "Kila mtu ananiambia nisiogope. Mama, Mwalimu, majirani. Wewe ndiye peke yako unayejua inavyoogopesha. Sasa kaa hapa, acha hicho kisu."

Nikaacha kisu, nikakaa. Tukaogopa pamoja, mpaka karibu adhuhuri. Aliniuliza nani atamsuka binti yake, nikamwambia mimi, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimwambia nitakwenda kwa daktari nirudi kwenye orodha. Akakataa. Alisema Mwalimu hana wiki nyingine za kusubiri nipimwe upya, nibadili mawazo tena. "Na mama muache kwanza," akasema akiondoka. "Kwa sasa ana wawili wa kulilia."

Upasuaji ulikula kutwa nzima. Dada alitoka kwanza, Mwalimu jioni. Sitasimulia nilivyokaa siku ile. Hakuna aliyenichana mimi.

Siku ya sita wakawa chumba kimoja. Mwalimu macho yameanza kuwa meupe, anauliza nani anafundisha darasa lake. Dada akikohoa anabana mto tumboni na kutukana kimyakimya. Ubavuni ana mrija uliounganishwa na kifuko, nyongo ilikuwa bado inavuja kidogo, daktari anaiangalia kila asubuhi. Majirani walikuja, na fundi viatu yumo. Mama akafungua chupa ya chai, akamimina kikombe cha kwanza, akanipa mimi. Kisha akawageukia wageni.

"Mungu amenipa watoto. Wawili hawa mnawaona. Na huyu mkubwa alitaka kwa moyo wake wote, ni mwili tu uliomwangusha."

"Hongera, Chuma," wakasema.

Dada hakunitazama. Alikuwa anakiangalia kile kifuko. Angenitazama kwa jicho baya ningepata pa kujitetea, lakini hakunitazama kabisa.

"Mama," nikasema, "mwili wangu hauna tatizo. Nilifaulu kila kipimo. Waliniambia naweza kukataa, nikakataa. Halafu nikawaacha mnionee huruma."

Fundi viatu akaangalia viatu vyake. Mwalimu akageuza uso ukutani, na mpaka leo sijui pale alikuwa analia au anapumzika. Mama alisimama na chupa mkononi.

"Huyu alikuwa anajua?" akauliza, akimwonyesha dada kwa kidevu.

"Anajua."

Mama hakupiga kelele, na mama yangu ni wa kelele. Alikuja mpaka nilipo, akanitoa kikombe mkononi. Nilikuwa nimeshakunywa funda moja. Akafuta mdomo wa kikombe kwa ncha ya mtandio wake, akaenda akampa dada.

Dada akanywa taratibu, kikombe chote. Akakiweka. Akashusha mguu mmoja kitandani, kisha wa pili.

"Kaka, njoo. Daktari amesema nitembee, na sina mkono wa kushika hiki."

Akaninyooshea kifuko. Kilikuwa na vidole viwili vya kile kimaji cha kijani iliyoiva ninachokijua miaka ishirini na mbili, nikikitupa kila siku bila kukitazama. Nikakishika kwa mikono miwili, nikapunguza hatua zangu zilingane na zake, tukatoka kwenye korido, watu wakituangalia.