Pazia la Sitti Yakuti

Usiku wa jana, kabla hata ubavu haujapata joto, niliota nimeitwa kwenye kasri ya Sultani kupinda pazia. Sikuuliza ni Sultani yupi wala wa karne gani. Kazi ni kazi.

Pazia lenyewe lilinipokea.

"Karibu, fundi. Upindo wangu umefumuka. Ukiwa nyuma yangu chunga mdomo. Sauti yoyote itokayo huko ni amri ya Sultani."

Nikadhani ni maneno ya wakubwa tu. Nikapita nyuma, vumbi likanipanda puani, nikapiga chafya. Upande wa pili mawaziri arobaini wakapiga chafya kwa pamoja, na katibu akaandika tarehe.

Nyuma ya pazia hakuna Sultani. Ameketi mama yake, Sitti Yakuti, macho makavu, mikono magotini.

"Mwanangu amefariki Jumatatu," ananiambia sikioni, maana mnong'ono hauhesabiki. "Adui yuko nje ya ukuta. Akijua kiti ki wazi, mji huu hauioni Jumamosi. Ijumaa khatibu atalitaja jina langu kwenye hotuba, nami nitatawala kwa jina langu. Mpaka hapo natawala kwa sauti ya marehemu."

"Pole sana, Sitti," nikanong'ona.

"Nimepoa. Ila sijamlilia. Nikilia ni amri. Mji mzima utalia, na adui atasikia."

Nikatunga uzi.

Waziri Badrani, mtu wa kunusanusa, akasogea karibu na pazia. "Siku tatu hatujamsikia Sultani akicheka," akasema. "Sisi watumwa wake tunaomba acheke kidogo, roho zitulie."

Sitti Yakuti ananitazama. Mimi natazama sindano. Anafumba macho, anavuta pumzi, anacheka.

Pazia likaipitisha sauti ikiwa nzito, ya kiume. Mawaziri wakacheka. Askari wakacheka, wauza mkate wakacheka, punda wakacheka kwa adabu. Adui aliposikia mji aliouzingira unacheka, akarudisha majeshi yake ng'ambo ya mto. Mama wa marehemu alicheka mpaka Waziri mwenyewe akaomba basi.

"Ukubwa ni jalala, fundi," pazia likaniambia. Nilikuwa na uchungu kama msiba ni wangu.

Nikakata uzi kwa meno, na papo hapo tuko msikitini, ni Ijumaa, pazia limetufuata. Khatibu anapanda mimbari. Analitaja jina la Yakuti binti Salari, na nguzo zote zinaitikia amina.

Sitti akanyanyuka. Akalisogeza pazia kando kwa mkono wake mwenyewe, akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Amri yangu ya kwanza. Kila mama aliyemeza kilio chake, akitoe leo."

Kisha akaanza yeye.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia ndani. Chumba cha pili mama mkwe wangu alikuwa analia kwa sauti, analitaja jina la mwanawe, mume wangu Abeid. Tangu tumzike mwaka juzi hakuwahi kutoa chozi, na watu walimsifu kwa subira.

Nikamkimbilia. "Mama, kulikoni?"

"Sijui, mwanangu," akasema, amenishika mkono. "Nimeruhusiwa."